Sanduku Kati ya Viti Viwili

Cheng. Cheng. Cheng.

Bangili za shangazi wa bwana harusi ziliingia ukumbini kabla ya mwenyewe. Tulizisikia zikija ujiani, zikigongana kama vijiko ndani ya beseni, na mama yangu, aliyekuwa akipanga maua mezani, akaunyoosha mgongo wake.

"Huyo anakuja," akaniambia. "Funga mdomo wako."

"Kwani nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Nilikuwa nimepiga magoti karibu na meza ya maharusi, nalifuta vumbi sanduku la zawadi. Sanduku hilo nililiunda mwenyewe. Kazi yangu ni mageti na madirisha ya chuma, na sioni haya kusema kwamba nikiunganisha kitu hakiachani. Lilikuwa la bati nene, nimelipaka rangi nyeupe, lina mshikio kila upande na tundu jembamba juu, jembamba kama mdomo wa bahili anapoombwa. Kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe dada yangu aliuvaa shingoni, ndani ya gauni lake la harusi, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine hauna ruhusa.

Siku hiyo dada yangu hakuwa na kitu kingine cha kutegemea. Yeye ni fundi cherehani. Alikuwa amepata chumba chenye baraza, pa kulala na pa kuweka mashine, na mama mwenye nyumba amemwambia waziwazi: kodi ya kuanzia iwe mkononi mwake kabla jua halijazama, la sivyo chumba anapewa mtu mwingine. Akiba ya maharusi ilikuwapo. Iliishia kwenye ukumbi huu, maana shangazi wa bwana harusi alikataa katakata harusi ya uani. Alikuwa na wageni wake wa heshima, hawakai kwenye mikeka. Sasa zilibaki zawadi za wageni tu: bahasha, na kadi za kununulia vitu madukani. Na chumba kikipotea, maharusi wangekwenda wapi? Kwa shangazi huyohuyo, chumba cha uani, nyuma ya jiko, ambako bwana harusi amelala tangu utoto, na mshahara wake haujawahi kupoa kabla ya kuingia kwenye mkoba wa shangazi.

Basi akaingia. Mwanamke mrefu, mkoba mkubwa wa ngozi kwapani. Nyuma yake mwanawe, yule tunayemwita Greda kwa sababu akipita, njia hupanuka. Greda hupakia magunia ghalani. Shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja, kama sufuria juu ya mafiga.

Shangazi hakusalimia mtu. Alilitazama sanduku.

"Hili ndilo?"

"Ndilo," nikasema.

"Atalilinda nani?"

"Mimi."

Akacheka bila kufungua meno. "Kumbe fisi ndiye kakabidhiwa bucha."

Mama alikohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu nikiwa mdogo. Maana yake ni nyamaza. Lakini ulimi nao ni kiungo, kuna siku hauna breki.

"Fisi, shangazi, ni yule anayenusa kabla nyama haijafika."

"Unamsikia?" Akamgeukia mama. "Unamsikia mwanao? Sisi tumekuja na heshima zetu zote, tunapokewa kwa matusi. Haya!" Akampigia Greda vidole. "Vuta kiti. Kaa upande wa pili wa hilo bati. Huyu asipotee machoni pako. Akienda msalani, mfuate. Akipiga chafya, ujue imeangukia wapi."

Greda akavuta kiti, akakaa. Kiti kikalia. Nami nikavuta changu, nikakaa upande wangu. Sanduku likabaki katikati, kama mtoto wa wazazi walioachana.

Wageni wakaanza kuingia. Muziki ukafunguliwa, watu wakapokea soda, na watu wa kwetu waliowahi wakaja mezani na bahasha zao. Tap. Bahasha ikigonga bati la chini. Tap. Nyingine. Kila moja ilipoanguka mimi na Greda tulitazamana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ameshapanga namna ya kuitoa.

"Ondoa goti lako," akaniambia.

"Goti langu liko mahali pake."

"Linagusa sanduku."

"Nimelitengeneza. Linanijua."

"Mkono nao ukilijua, nitauvunja."

"Ukiweza kuinuka kwenye hicho kiti bila kuondoka nacho."

Hivyo ndivyo tulivyosherehekea. Mpiga picha akaja. "Ndugu wa bibi harusi! Picha ya familia, kaka, sekunde tu."

"Wizi wenyewe huhitaji sekunde tu," nikamjibu. "Sitoki hapa."

Mama alinitazama kutoka kwenye jukwaa, amesimama kando ya dada na nafasi yangu iko wazi katikati yao. Akanipungia mkono. Nikatikisa kichwa. Picha ikapigwa hivyohivyo, na pengo lake. Baadaye vijana wa upande wa pili wakamwita Greda aongoze msafara wa kucheza. Yeye akawaonyesha kwa kidevu kwamba ana kazi. Kazi yake nilikuwa mimi.

Chakula kikaja. Greda akaweka sahani juu ya mapaja na kula kwa mikono miwili, macho yake yote ndani ya sahani. Nikaona hapo ndipo pa kumpigia.

"Mlinzi wa bega pana, macho yake yamelala,
aliyewekwa kuona, huona chakula, hula."

Wasichana wa meza ya jirani wakacheka. Greda akatafuna, akameza, akajipangusa mdomo.

"Tunga na la mwizi," akasema. "Unamjua vizuri zaidi."

Wakacheka zaidi ya mara ya kwanza. Masikio yangu yakawaka moto. Nikaanza kutafuta ubeti wa pili, ubeti wa kummaliza kabisa, na nilikuwa bado natafuta vina vyake wakati muziki ulipozimwa ili mshereheshaji azungumze. Katika ukimya ule nikagundua jambo. Sanduku lilikuwa kimya. Ukumbi umejaa, watu wamebanana hadi ukutani, na mimi nilikuwa sijasikia bahasha ikianguka tangu kabla ya chakula.

Nikalitikisa kidogo. Ndani zikachezacheza bahasha chache.

"Acha!" Greda akaliwekea kiganja.

"Wageni wenu wa heshima," nikamwambia, "wamekuja kula bure?"

"Wa kwenu je? Naona nao wamekuja na vidole vitupu."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Wafanyakazi wenzangu wa karakana walikuwa wamekaa kwenye kona, na wale si watu wa kuja mikono mitupu. Mmoja wao, tunayemwita Miwani kwa sababu ile miwani ya kuchomelea huipandisha kichwani hata siku za mapumziko, akaja kunisalimia. Akanipa mkono. Mkono mtupu.

"Mbona umenuna?" akaniuliza.

"Sijanuna. Nasubiri tu kuona urafiki una uzito gani."

"Uzito upi? Nimeshatoa."

"Umetoa wapi? Hapa hujafika."

"Nimempa yule mama wa mlangoni, mwenye mkoba. Sote tumempa yeye. Anapokea, anasema, 'Ahsante mwanangu, nitaitia mimi.' Si nyinyi mmemweka?" Akatutazama, mimi huku, Greda kule, sanduku katikati. "Au nyinyi hapa mmewekwa pambo?"

Nilimgeukia Greda taratibu. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Ulijua," nikasema.

"Sikujua."

"Greda, ulijua!"

"Nimesema sikujua! Mimi niliambiwa nikulinde wewe." Na baada ya kulisema hilo likamrudia mwenyewe, nikaona linavyomshuka usoni hadi kooni. Mama yake hakumweka pale alinde mali. Alimweka pale ili mimi nimtazame yeye, na yeye anitazame mimi, tukodoleane macho mchana kutwa kama majogoo, na mlango ubaki wa mama yake. Familia mbili nzima tumelinda tundu la sanduku, tukasahau kwamba mgeni huingia kwa mlango.

Nikasimama. Greda naye akasimama, akanishika mkono.

"Ukienda, sanduku unamwachia nani?"

"Wewe."

"Unaniamini?"

"Hapana."

"Na mimi nikikufuata, tunamwachia nani?"

Basi tukafanya lililobaki: yeye akashika mshikio wake, mimi nikashika wangu, tukalinyanyua. Tukalipitisha katikati ya ukumbi, kati ya meza na meza, tukisukumana mabega, kila mmoja akivuta upande wake. Watu wakainua vichwa.

"Jamani!" mshereheshaji akapaza sauti. "Hata sanduku limechoka kukaa, limeamka kucheza!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kando ya ubao wenye majina ya maharusi, tabasamu limetandazwa usoni kama kitambaa cha meza. Mbele yake mgeni aliyechelewa, bahasha imo njiani, nusu mkononi mwa mgeni na nusu mkononi mwake. Tulipotua sanduku miguuni pake tabasamu halikuondoka. Lilikaza tu.

"Nani kawaambia mlihamishe?"

"Limekuja kuchukua chake," nikasema. "Fungua mkoba, shangazi."

"Mkoba wangu?"

"Ulio na bahasha za dada yangu."

"Bahasha za dada yako!" Akauvuta mkoba karibu na kifua. "Hizi ni bahasha za harusi ya mtoto wangu. Nimezihifadhi. Hilo bati lenu lina mdomo wazi, kila mwenye kijiti ataingiza. Mkoba wangu una zipu. Au kuhifadhi siku hizi ni kosa?"

"Kuhifadhi bila kuambiwa kuna jina lingine."

"Litaje."

"Nitalitaja hata kwenye kipaza sauti."

"Litaje, kama wewe ni mwanamume!"

Nikaushika ukanda wa mkoba. Sikukusudia kuuvuta, au pengine nilikusudia, siwezi kujitetea. Nilichoona ni macho yake. Yalifurahi. Alikuwa akilisubiri hilo kama mvuvi anavyosubiri kamba itikisike, na papo hapo akajitupa nyuma na kupiga ukelele uliofika jikoni.

"Mwizi! Jamani, mwizi! Ananipora mchana kweupe!"

Viti vikaburuzwa. Vijana wa kwao wakanirukia, mmoja akanikamata ukosi wa shati, vifungo vikatawanyika sakafuni. Mwingine akainua ngumi. Greda hakunyanyua mkono kunisaidia wala kunipiga. Alisimama ameshika mshikio wa sanduku kama mtu aliyesahau namna ya kuuachia. Nami sikuuacha ukanda. Nilijua kila sekunde ninayoushika nazidi kufanana na neno alilonipakazia, na bado vidole havikutaka.

"Achia."

Ilikuwa sauti ya dada yangu. Alikuwa amekuja mbio, gauni amelikusanya kwa ngumi mbele, shela limemwangukia begani.

"Dada, huyu —"

"Nimekwambia achia."

Nikaachia. Ukosi wangu nao ukaachiwa. Shangazi akajipangusa mkono kana kwamba nimemwachia masizi.

"Umemwona ndugu yako? Ndio ukoo tuliooa huu."

Dada yangu akaukazia macho mkoba. "Shangazi, ni kweli umepokea bahasha za wageni?"

"Nimezipokea. Nitaziweka. Mkishatulia nyumbani, chumba cha uani nimeshakifagia, tutakaa chini tuone lipi la kununua na lipi la kuacha. Nyinyi bado watoto. Pesa ya harusi ni kama maji kwenye kiganja."

"Sisi hatuji chumba cha uani. Tuna chumba. Kodi inasubiriwa leo."

"Leo?" Shangazi akaangalia nje, jua lilivyoinama juu ya mapaa, akarudi kumtazama bibi harusi. "Basi wahi, mwanangu. Mimi nimekushika?"

Nilingoja dada alie. Kuanzia hapo hakukuwa na njia nyingine niliyoiona ila ngumi au machozi, na ngumi zangu alishazikataa. Hakulia. Aligeuka, akavuka ukumbi hadi jukwaani, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji bila hata kumwomba.

"Wageni wetu wapendwa," akasema, "samahani nawakatiza. Bahasha nyingi zimepokelewa mlangoni na shangazi yetu, na mkono wake umechoka. Naomba kila aliyempa aende aichukue yake mwenyewe, na aitie sandukuni mwenyewe. Na mwenye kuona bora arudi nayo nyumbani, arudi nayo. Hatutamnunia."

Watu wakatazama sahani zao. Nani anataka kusimama mbele ya ukumbi mzima na kudai zawadi aliyokwisha kutoa? Shangazi akalegeza mabega.

"Umeona?" akaniambia kwa chini. "Watu wana adabu."

Hapo kikasikika kiti kikisukumwa. Alikuwa fundi mwenzake dada, mwanamke mfupi ambaye hucheka na kugomba kwa sauti ileile moja. Akaja hadi mlangoni, akanyoosha kiganja.

"Yangu ni ya kitambaa. Ya njano. Nimeishona mwenyewe."

"Sikumbuki kama ulinipa," shangazi akasema.

"Hukumbuki? Ina kifungo chekundu. Uliposhika ulisema, 'Hii nayo ni bahasha au mfuko wa dawa?' Mimi nakumbuka. Itoe."

Mtu akaguna kwa kicheko. Shangazi akafungua zipu kiasi cha mkono kupita, akapapasa, akatoa kitu cha njano. Yule fundi akakipokea, akainama, akakitia. Tap.

Nyuma yake alikuwa Miwani. "Yangu imeandikwa kwa penseli ya kuchorea chuma. Haisomeki, lakini mimi naijua." Nyuma ya Miwani, binamu yangu. Nyuma ya binamu, mwanamke wa upande wa kwao, mmoja wa wale wageni wa heshima, amevaa kofia, akasema kwa haya, "Ya waridi, dada'angu, yenye utepe. Samahani, lakini ni yao watoto." Mstari ukaanza kujipanga wenyewe, ukapinda kuzunguka meza. Mmoja alitaka ya bluu, mwingine ya kaki iliyobandikwa gundi vibaya, mwingine akasema yake haina dalili yoyote ila harufu ya karafuu, na shangazi akalazimika kunusa moja moja mbele ya watu hadi akaipata. Kila alipotaka kufunga zipu, kiganja kingine kilikuwa kimeshafika.

"Mnanidhalilisha," alikuwa akisema. "Mnanidhalilisha nyumbani kwangu."

"Ni ukumbini hapa, mama," fundi wa bahasha ya njano akamjibu kutoka pembeni. Hakuwa amerudi kukaa. Alitaka kuona mwisho.

Ndipo akafika bosi wa gereji, mwajiri wa bwana harusi, mtu mzito wa maneno machache. Akataja bahasha nyeupe yenye nembo ya gereji. Akapewa. Akaigeuza. Ilikuwa imechanwa juu.

"Humu nilitia kadi ya duka la vyombo," akasema. "Ya kununulia jiko."

"Ilichanika yenyewe," shangazi akasema. "Niliangalia jina tu."

"Na kadi?"

"Labda imedondoka. Mlango huu unapitwa na watu wengi. Muulize huyo aliyekuwa anavuta mkoba wangu!" Akanielekezea kidole, na sauti ikapanda tena. "Muulizeni! Si mlimwona? Mkono wake ulikuwa wapi?"

Ukumbi ukanigeukia. Nikahisi jasho likishuka kwenye shati lililokosa vifungo. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na neno.

"Mama," Greda akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameshika mshikio wa sanduku.

"Mama, huyu nimemkazia macho tangu asubuhi, kama ulivyoniagiza. Mkono wake haukuingia kwenye mkoba. Itoe."

"Unaniambia mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Itoe, mama. Watu wanatuangalia."

Shangazi akaingiza mkono kwenye kifuko cha miwani yake na kutoa kadi. Hakumpa bosi. Aliitupa sakafuni. Bosi wa gereji, na ukubwa wake wote, akainama akaiokota, akaitia. Tap.

Hapo shangazi akakichana kile kitambaa cha meza alichokivaa usoni. "Haya! Chukueni! Lakini niulizeni na mimi! Mtoto huyu nilimpokea akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Wazazi wake wamelala kaburini, nani alimlisha? Homa zake nani alizikesha? Ada yake nilitoa kwa kuuza maandazi hadi vidole vikababuka mafuta. Leo amepata mke na chumba chenye baraza, na mimi nipewe nini? Soda?"

Sikupenda kusikia hayo. Ningependa awe mwizi mtupu, mwizi safi, nimchukie kwa raha. Bwana harusi alikuwa ameshuka jukwaani na kuja taratibu, mtu mwembamba, mafuta ya injini hayamtoki kucha hata siku ya harusi. Mchana kutwa hakuwa amesema neno, na mimi nilishamhesabu kama si mtu.

"Waambie!" shangazi akamkamata mkono. "Nani alikulea?"

"Ni wewe, shangazi."

"Nani alikusomesha?"

"Ni wewe."

"Basi waambie huo mkoba ubaki kwangu!"

"Fadhila zako nitazilipa mimi," akasema, "kwa mikono hii, kidogokidogo, hadi nizeeke. Lakini hizi walimpa mke wangu. Nipe zilizobaki, halafu nipe na ufunguo wa chumba cha uani. Nguo zangu nitakuja kuzitoa kesho."

Shangazi akaupindua mkoba. Bahasha zilizobaki zikamwagika sakafuni pamoja na leso, kitana na sarafu, naye akaondoka bila kuokota hata kitana. Bwana harusi akapiga magoti kwenye suti yake ya kuazima, akaziokota, akazitia moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemsaidia; tulijua hakutaka.

"Twende sasa hivi," dada yangu akasema. "Wageni waendelee kula. Jua halitungoji."

Mimi na Greda tukalibeba tena sanduku, safari hii likiwa zito, kwenda kwenye gari la karakana. Tulipolipandisha akanibana kidole kati ya bati na ubavu wa gari, na mpaka leo sijui kama alikusudia.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, amevua viatu.

"Leo mnalipa," akasema, akimtazama dada. "Na mwezi ujao? Nitakuja. Kila Jumapili nitakuja nikae hapo barazani, nione mnakula nini."

"Njoo," nikamjibu. Maneno yote niliyokuwa nimenyimwa ukumbini yalirudi kwa pamoja. "Njoo, tena uvae viatu vizuri vya kukimbilia. Utanikuta mimi mlangoni, na nyundo. Nitafunga geti la chuma pale, nililolichomelea mwenyewe, tuone bangili zako zitaingilia wapi!"

Dada yangu, aliyekuwa ameshaweka mguu garini, akaushusha.

"Utakuwa mlangoni kwa nani?"

"Kwako. Huyu bila mtu wa kumzuia —"

"Sikiliza, mdogo wangu. Tangu asubuhi mmekalia kitu changu mnagombania nani akilinde. Yeye mlangoni, wewe mezani. Mmoja wenu alikuja kuniuliza? Picha yangu ya harusi haina wewe. Karibu utoke ukumbini unaitwa mwizi, na kodi yangu ikienda hivyohivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko ukelele wa shangazi. "Akija Jumapili, nitamfungulia mimi, au nitamkatalia mimi. Geti sitaki. Wewe hutasimama mlangoni kwangu. Niahidi."

"Mbele ya huyu?"

"Mbele ya huyuhuyu."

Shangazi alikuwa ameinua uso, ananitazama, anasubiri kunywa aibu yangu hadi tone la mwisho. Nilikuwa na jibu lake ulimini, lenye vina na mizani, zuri kuliko yote niliyosema siku ile. Nikalimeza. Lilishuka kama mfupa wa samaki.

"Naahidi, dada," nikasema, kwa sauti ya kumfikia hata aliyekaa kwenye ngazi. "Mlangoni kwako sitasimama. Nikija nitabisha hodi kama mgeni mwingine yeyote, na usiponifungulia nitarudi nilikotoka."